Siagi Kwenye Gurudumu la Jipu

Juzi nilikuwa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa shughuli zangu, nikapita mbele ya gereji moja ya uchochoroni na kukuta fundi amevua gurudumu la mbele la jipu. Juu ya gunia alikuwa ametandaza vyuma vyake: ekseli, na kwenye ncha yake kile kiungo cha mviringo chenye gololi ndani, ambacho huliwezesha gurudumu kuvuta huku likikata kona. Kilikuwa kimepasuka. Gololi zilikuwa zimemwagika kwenye gunia, zimelowa grisi nyeusi. Nikasimama kama niliyeitwa. Fundi akauliza kama nina gari la kutengeneza, nikamwambia sina, naangalia tu, naye akaendelea na kazi huku akinitupia jicho, maana mwanamke aliyevaa gauni la ibada hana cha kuangalia pale. Nilihisi masikio yamepata moto. Wewe tumejuana siku nyingi, sitakuficha: mimi nikiona kiungo cha ekseli kimefunuliwa namna ile, naona haya mpaka natafuta pa kuweka uso.

Haya yenyewe yalianzia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Vita vya mwaka wa tisini na sita viliwakuta wazazi wangu kwenye milima ya Kivu ya Kusini, vikawasukuma mpaka wakajikuta upande wa Juru, kambini, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai. Mimi nilifika pale nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo watu wakisema “kwetu” huku wakiutazama upande wa magharibi, mimi hujifanya tu naelewa. Kwetu kwangu ni ule mlima wenye vumbi jekundu, foleni ya madumu bombani, sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa jioni kila nyumba, na korali ikifanya mazoezi kanisani wimbo uleule hadi mbuzi wakauzoea. Tulikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, dada yangu mkubwa, na mimi.

Bibi alikuwa mtu wa ng’ombe, na hakutaka mtu yeyote asahau. Kule milimani alikuwa na zizi lililojaa. Pale kambini tulikuwa na ng’ombe watatu tu, waliotokana na mtamba ambao baba alipewa baada ya kuchunga mifugo ya watu wa Ngarama kwa muda mrefu. Lakini bibi aliwahudumia kama zizi zima. Alfajiri niliamshwa na sauti ya kibuyu kikisukwasukwa, maziwa yakigonga huku na huku, na bibi akinong’ona sala zake kwa mwendo huohuo. Kazi yangu ilikuwa kuosha vibuyu na kuvifukiza kwa moshi wa nyasi ili maziwa yasiharibike. Mpaka leo nywele zangu zikinyeshewa na mvua nasikia kama harufu ya moshi ule, ingawa najua ni akili yangu tu.

Na siagi! Bibi alikuwa na imani mbili, ya Mungu na ya siagi, na sitasema ipi ilitangulia. Mtoto akiziba pua, siagi. Visigino vikipasuka, siagi. Mkanda wa baba ukikakamaa, ngoma ya korali ikilia vibaya, mlango ukipiga kelele, ni siagi tu. Alikuwa na msemo wake, “Kilichokauka kinaomba,” na akishausema hungoji, unakwenda kuleta kibuyu. Tulimtania sana kwa hilo. Mama alikuwa akisema kwamba siku bibi atakapofika mbinguni ataipaka siagi ile milango ya lulu.

Sasa, jipu. Lilikuwa la kanisa, kuukuu, zawadi ya waumini wa nchi za mbali, lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mvua ikinyesha Juru hakuna gari jingine lililopanda. Lilibeba korali, lilibeba wajawazito hadi zahanati, lilibeba magunia ya mahindi, na lilibeba maiti pia, na siku ya pili yake likabeba maharusi. Baba alijifunza udereva kwa dereva wa kwanza, na yule alipopata safari ya kuhamishiwa ng’ambo, baba akaachiwa ufunguo. Mtu aliyezoea kufuata nyuma ya ng’ombe na fimbo yake sasa aliketi mbele ya usukani. Hakusema chochote kuhusu jambo hilo, lakini siku zile alianza kuchomekea shati. Nami shuleni nilikuwa mtoto wa dereva, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Ndipo akaja mchumba wa dada. Alikuwa kijana wa watu wetu, kutoka milima ileile, ila ukoo wao ulitangulia kutoka na haukukaa kambini. Walikuwa na duka la vitenge Mbarara na nyumba ya matofali Nyamityobora. Kijana mwenyewe hakuwa na neno. Aliyetutia tumbo joto ni shangazi yake, mama mrefu, mtulivu, aliyemlea baada ya wazazi kufa. Siku ya kuja kutuona aliketi kwenye kiti chetu pekee chenye mgongo, akalitazama turubai la juu, akatazama magunia ya msaada pale pembeni, kisha akamuuliza bibi kwa upole kabisa kama huku kambini wasichana bado wanajua kusuka maziwa. Hakukusudia ubaya, nadhani. Lakini bibi alilipokea swali lile kama kofi.

Wageni walipoondoka bibi alisema neno moja tu, kwamba dada yangu atatanguliwa na kibuyu. Ukoo wetu ulikuwa na desturi hiyo: bi harusi akipelekwa kwa mumewe, mtoto wa kike wa nyumbani humtangulia akiwa amekumbatia kibuyu kikubwa cha siagi iliyosukwa na bibi yake, na mkubwa wa kike wa upande wa mume hukipokea mbele ya watu wote. Kibuyu kilichojaa kinasema: huyu ametoka kwenye maziwa, si wa kuokotwa. Tangu kuja kambini hakuna aliyekuwa amejaribu. Bibi alichagua kibuyu chenye mdomo mpana, akakisukia mfuniko, akaanza kukijaza kidogo kidogo. Mtoto wa kukibeba ningekuwa mimi. Nilianza kujifunza kutembea nikiwa nimekumbatia jiwe.

Siku hizohizo jipu likaanza kulia. Baba akikata kona, gurudumu la mbele la kushoto lilifanya ka-ka-ka, kama mtu anayetafuna mifupa. Grisi iliyokuwa imekizunguka kiungo cha ekseli, ndani ya lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu, ilikuwa imevujia nje. Kambini hapakuwa na grisi. Kila aliyekwenda Mbarara aliagizwa, na kila aliyerudi alirudi na maelezo. Wagonjwa nao hawakungoja maelezo. Jumamosi moja baba alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, amefungua kile kizibo kidogo kilicho juu ya bakuli, anachungulia ndani. Bibi akatoka nyumbani na kile kibuyu cha harusi, akakinyoosha kwa mikono miwili.

“Kamata, mwana wangu,” alisema. “Mafuta ya ng’ombe haijatuangusha hata siku moya.”

Baba alikitazama kibuyu kwa muda. Nikadhani anatafuta namna ya kushukuru. Halafu akapokea, naye kwa mikono miwili, akachota kwa kijiko cha mti na kuanza kushindilia siagi kwenye lile tundu.

Na jipu likanyamaza! Usicheke bado, tulishangilia. Bibi alizunguka mtaa mzima siku ile akieleza, na mchungaji akaigusia habari hiyo kwenye mahubiri. Lakini siagi ni siagi. Gari likipanda mlima chuma kinapata moto, siagi inayeyuka, inapita kwenye mpira uliochakaa wa kuziba lile bakuli na kutiririka kwenye gurudumu. Baada ya siku chache jipu letu lilikuwa na harufu ya jikoni. Nzi walilifuata, sisimizi wakalipandia usiku, na mbwa wa kambi nzima walikuwa wakilisubiri kanisani ili walirambe. Watoto walitunga wimbo kuhusu gari linalokaangwa, nami niliuimba kuliko wote. Kila ka-ka-ka iliporudi, bibi alileta kibuyu. Alisema ng’ombe watatoa nyingine, harusi bado.

Ng’ombe hawakutoa. Ukame ulikaa mwaka ule hadi nyasi za kandokando ya ziwa zikawa za kahawia, na maziwa yakapungua yakawa ya chai tu. Mama ndiye aliyegundua kwanza: alifungua mfuniko, akaona kibuyu kimebaki na siagi ya kulamba tu pembeni, akaufunga tena taratibu, akaketi. Wiki ya harusi mvua ikaja kwa hasira. Hapakuwa na muda tena. Mama alitaka tuweke viazi vilivyochemshwa chini na kuvipaka juu. Bibi akakataa, akasema mtu hadanganyi wakwe kwa viazi. Kwa hiyo kibuyu kilibaki vile kilivyokuwa, na mfuniko wake mzuri.

Asubuhi ya harusi tulijipanga kwenye jipu: dada na shela yake, mama, bibi, akina mama wa kanisa wamebanana nyuma, mimi mbele na kibuyu mapajani. Kabla sijapanda mama alininong’oneza nitembee kama nimebeba kitu kizito. Nilikuwa na miaka kumi, na nililielewa neno lile lote. Njiani nilikuwa nakikandamiza kibuyu kwenye mapaja yangu nikidhani nitakiongezea uzito.

Kabla ya kufika Kabingo kuna mlima ambao mvua ilikuwa imeugeuza uji. Baba akaingiza nguvu ya magurudumu ya mbele, akakata usukani wote kukwepa lori lililokwama, akakanyaga mafuta. Tukasikia mlio mmoja mkavu chini ya miguu yetu, kisha kusaga, kisha jipu likateleza na kusimama upande, gurudumu la kushoto limepinda na halirudi. Akina mama waliokuwa wakiimba tangu Juru walinyamaza katikati ya neno.

Kijana wa bodaboda alitumwa Kabingo, akarudi na fundi. Huyu alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyewahi kutengeneza magari ya jeshi pale Makenke na kutaka kila mtu alijue hilo kabla hajafungua bolti ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya askari. Alipiga jeki juu ya mawe, akavua gurudumu, akafungua bolti moja moja akiziweka kwenye kofia yake, akavuta ekseli. Ikatoka na vipande. Gololi zilidondoka kwenye matope, na nyuma yake kikamwagika kitu cha rangi ya kahawa, kizito, chenye mabonge meupe ndani, na harufu ikatupiga sote. Siagi iliyooza na kuungua. Fundi akaingiza kidole, akakinusa, akakaa kimya kwa mara ya kwanza.

“Mzee,” alimwambia baba, “mimi nafanya gari ya jeshi miaka mingi, lakini hii hapana ona. Hii si grisi. Hii kwetu watu nakula na kalo.”

Kalo ni ugali wa ulezi, chakula cha Ankole, na watu waliokuwa wamekusanyika barabarani wakaangua kicheko. Wengine walisogea kunusa. Mbwa wawili wakatokea, sijui wapi, na fundi akawafukuza kwa spana huku akicheka mpaka machozi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata tu hadithi ya maisha yake. Baba alisimama pale, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, mikono nyuma, akitazama vyuma. Ndani ya jipu dada alikuwa ameshusha shela usoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani baba awe mtu mwingine, mtu anayejua magari, na nilitamani bibi asiseme kitu. Hakusema.

Kiungo kile hakikuwa cha kutengenezeka barabarani, fundi alieleza. Alichoweza ni kukitoa chote, kusafisha vipande ili visije vikakaba, kuziba bomba la ekseli kwa kitambaa ili mafuta ya gia yasimwagike, na kurudisha gurudumu lizunguke bure. Tutakwenda kwa kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kitambaa kilitoka kwenye mtandio wa mama mmoja wa kanisa. Lakini kwa magurudumu ya nyuma peke yake mlima haukupandika, kwa hiyo tukashuka wote isipokuwa bi harusi, tukasukuma. Wale waliokuwa wakicheka wakatusaidia kusukuma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tuliingia Mbarara alasiri, tope hadi kiunoni, tukinuka siagi.

Kanisani walitungoja. Ndoa ilifungwa haraka haraka na mchungaji aliyekuwa akitazama saa, na baadaye tukaenda Nyamityobora, kwenye ua wa shangazi, ambako turubai jeupe lilikuwa limefungwa na viti vimepangwa kwa mistari. Upande wao walikuwa wamevaa vizuri sana. Upande wetu tulikuwa tumejifuta matope kwa majani. Muziki ulikatwa, nikaitwa.

Nilitembea kama nilivyofundishwa, nimeinama kidogo, mikono nimeizungusha chini ya kibuyu, napumua kwa kinywa. Labda nilizidisha. Nilisikia mtu akisema maskini mtoto, kimemzidi. Shangazi alisimama, akaweka miguu yake vizuri, akanyoosha mikono yote miwili na kujiandaa kwa uzito. Nikampa. Mikono yake ikaruka juu na kibuyu karibu hadi kidevuni, na mfuniko ukaanguka, ukabingirika hadi kwenye viatu vya wageni.

Sijui kama umewahi kusikia ua uliojaa watu ukinyamaza. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Shangazi aliangalia ndani ya kibuyu, kisha akatuangalia sisi, na macho yake yalikuwa yanauliza lile swali lake la kwanza. Mimi nilibaki nimesimama mbele yake na mikono yangu mitupu bado imejikunja. Nilimtazama bibi. Bibi alikuwa akitazama chini.

Baba ndiye aliyeinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya wakwe ndio kabisa. Alishusha suruali yake iliyokuwa bado imekunjwa mguu mmoja.

“Ile mafuta ni mie niliiweka mu gurudumu ya motokari,” alisema. “Ni mie mwenyewe. Ilikuwa inakauka. Nilitaka mutoto afike.”

Nilijua wazo halikuwa lake. Mama alijua, dada alijua, na bibi alijua kuliko sisi wote. Hakuna aliyefungua mdomo. Shangazi alikaa na kibuyu mapajani. Alikitazama, akamtazama baba, akamtazama dada yangu na tope lililokuwa kwenye upindo wa gauni lake.

“Basi,” alisema, “mutoto amefika.”

Akaagiza muziki urudi. Lilikuwa neno la heri, sasa najua, lakini siku ile lilitumaliza. Tuliletewa wali na nyama na matoke, na upande wetu hakuna aliyekula hadi kushiba. Tulikuwa tukichezea vyakula kwa vidole. Kila aliyepita karibu na jipu pale nje alishika pua.

Kesho yake baba alirudisha ufunguo. Mchungaji alikataa kuupokea, akamwambia gari ni chuma, lingeweza kumvunjikia yeyote, baba akauweka mezani na kuondoka. Kiungo kipya kililetwa, jipu likapata dereva mwingine, na baba akarudi nyuma ya ng’ombe. Hayo ningeyazoea. Ambacho sikukizoea ni kwamba hakukanyaga tena Nyamityobora. Dada alijifungua mtoto wa kwanza, mama akaenda, baba hakwenda. Mtoto wa pili, wa tatu, vivyo hivyo. Dada alipokuja kambini alimkumbatia, alimchinjia, alimsindikiza hadi barabarani, na pale barabarani akamwachia. Bibi naye hakwenda. Watu walimtetea baba kwamba ni adabu, mzazi wa binti hazururi kwa wakwe. Dada alikubali kuliita adabu. Mimi nililiita kwa jina lake: haya.

Maana mimi ndiye niliyekaa na jina hilo. Nilipelekwa kwa dada kusoma sekondari, na fundi yule alikuwa ameshaieneza hadithi yake gereji hadi gereji, kutoka Kabingo hadi sokoni Mbarara. Wenzangu shuleni walipojua natoka Nakivale waliniuliza kama nawafahamu wale watu waliotia siagi kwenye ekseli. Nilisema siwafahamu. Likizo niliporudi Juru, jioni niliwakuta baba na bibi kwenye mkeka mmoja mbele ya nyumba, wamekaa bega kwa bega, hawaongei, wanatazama ng’ombe wakiingia. Nilimtazama baba na kuona mtu aliyeshindwa kuomba radhi kwa ajili ya kibuyu. Nilimwonea haya kwa miaka, naye alikuwa ananiuliza kama nimeshiba.

Bibi alikufa wakati wa mahindi mabichi. Tulimzika pale mlimani. Msimu uliofuata baba akaniuliza kama naweza kumsindikiza Mbarara. Alichomekea shati. Tulifika Nyamityobora saa za chakula, na dada alipomwona mlangoni alikaa chini palepale kwenye ngazi na kulia, huku wanawe wakishangaa. Baba alivua kofia. Niliona anatafuta kwa macho, chumba hadi chumba. Lakini shangazi alikuwa amekufa zamani, na wazee wa ukoo ule waliobaki walikuwa wamehamia ng’ambo. Palikuwa na shemeji yangu, mkarimu, na watoto. Mkubwa wao akaketi karibu na babu yake na kumuuliza, macho yanang’aa, kama ni kweli alitia siagi kwenye gari la bi harusi. Wote wakacheka, na dada akacheka huku akijifuta macho. Ilikuwa hadithi ya nyumba yao, waliipenda. Baba akatabasamu, akasema ndiyo, ni kweli. Akala vizuri.

Tulipokuwa stendi tukingoja gari la kurudi nilimwambia lile lililokuwa limenikaa rohoni, kwamba angekuja zamani wangemalizana siku moja. Akasema alijua tangu mwanzo. Yule dereva wa kwanza alikuwa amemwambia kwamba ile sehemu haitaki kitu kingine chochote isipokuwa grisi, na kwamba ukiweka kingine kiungo kitakatika.

“Sasa mama alinikamatishia na mikono mbili,” alisema. “Kule kwetu alikuwa na ng’ombe mingi. Huku alibakia na kile kibuyu. Ningemwambia nini?”

Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda kwa mwanawe miaka yote ile, kama kosa halikuwa lake. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu hula.

“Kama ningeenda,” alisema, “mama angebakia na haya yeye peke yake.”

Siku hizi Juru ina mabati. Siagi inauzwa dukani kwenye vikopo vya plastiki, na sijaona bi harusi akitanguliwa na kibuyu tangu siku ile. Jipu liliuzwa vyuma chakavu. Baba naye tumemlaza kando ya mama yake. Hadithi hii nikiisimulia mezani kwa dada watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao, kwa sababu inachekesha kweli. Kisha natoka nje kidogo, nasimama. Ile mikono ya shangazi inaruka tena mbele yangu. Katika wote waliokuwa upande wetu siku ile, nimebaki peke yangu ninayeona haya, na hakuna tena wa kuketi naye mkekani.